Kitenzi gani cha Kiingereza kinabeba "kuhamisha mazungumzo ghafla"?

#1 Kalamu ya Uluguru
Habari zenu wanajukwaa. Ninatafsiri kwa Kiingereza hadithi fupi niliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili, na leo ni siku ya tatu nimekwama kwenye kitenzi kimoja. Zuhura ameketi barazani na shangazi yake, wanachambua mchele. Shangazi anauliza, "Na yule mwenzio, mbona siku hizi simwoni?" Zuhura hainui macho. Anasukuma chenga pembeni mwa ungo kwa kidole kimoja na kusema, "Mchele wa safari hii una mawe mengi, shangazi." Kisha msimulizi anasema: "Zuhura akahamisha mazungumzo." Kwa Kiswahili sentensi hiyo imetulia na sina shaka nayo.

Kwa Kiingereza niliandika kwanza "segued", kwa kuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi kwa watangazaji na nikalielewa kuwa ni kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Mhariri aliyenisomea alilizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba kitenzi hicho kinasema kinyume cha ninachokusudia. Nikaweka "digressed", nacho kikarudi kimezungushiwa vilevile, bila maelezo. Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, vitenzi hivyo vimekosea wapi? Pili, je, kipo kitenzi kimoja kinachobeba kwa pamoja ughafla, kubadilika kwa mada, na nia ya mtu anayeibadilisha?

#2 Msomi wa Jioni
Neno "segway" ni la Kifaransa na maana yake ni kupita taratibu, ndiyo maana mhariri amelikataa.

#3 Fundi Sarufi
Ndugu Msomi, sababu uliyoitoa ina ukweli, lakini mengine mawili yanahitaji kurekebishwa. Neno hilo huandikwa "segue" na hutamkwa kama "segwei". "Segway" ni jina la kile chombo cha magurudumu mawili cha kusimama juu yake kilichozinduliwa Marekani mwaka 2001, na tangu hapo watu wengi wamechanganya tahajia. Pia si la Kifaransa bali ni la Kiitaliano, lenye maana ya "inafuata". Lilikuwa agizo katika karatasi za muziki: mpigaji akilikuta mwishoni mwa sehemu, anaingia sehemu inayofuata bila kusimama. Mfikirie mpiga santuri anayeunganisha nyimbo mbili kwa ustadi hata wachezaji wasijue ile ya kwanza imekwisha lini. Hiyo ndiyo "segue", yaani mshono usioonekana. Zuhura hakushona kitu chochote. Amekata kitambaa mbele ya shangazi yake, na shangazi ameusikia mkasi.

#4 Msomi wa Jioni
Nimesahihishwa, na ninashukuru. Hata hivyo, Wamarekani husema "abrupt segue" mara kwa mara. Ingekuwa ulaini umo ndani ya neno lenyewe, wangewezaje kuliwekea kivumishi cha ughafla?

#5 Fundi Sarufi
Wanakihitaji kivumishi kwa sababu neno peke yake halina ughafla huo. Nakiri kwamba matumizi yanalegea na huenda vizazi vijavyo wakalitumia kwa mpito wa aina yoyote, lakini msomaji makini wa leo bado anasikia muziki ndani yake.

Kuhusu "digress", mzizi wake ni Kilatini, kupiga hatua kwenda kando. Umo katika ukoo mmoja na "progress" na "regress", ambayo yote ni maneno ya hatua, moja mbele na jingine nyuma. Kwa Kiswahili ningesema ni kuchepuka. Anayechepuka ni mtu aliyekuwa tayari katika njia yake, yaani mwenye zamu ya kusema: mhubiri, mwalimu, babu anayesimulia. Ameiacha njia kwa muda na kwa kawaida tunatarajia arudi, ndiyo maana Waingereza hujikatiza wenyewe kwa kusema "but I digress" wanapotaka kurejea kwenye hoja. Zuhura hakuwa na hotuba ya kuiacha. Aliulizwa swali, na aliyeulizwa swali hawezi kuchepuka kwa sentensi moja.

#6 Dereva wa Tunduma
Nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 19, na kitenzi ninachokijua kwa uchungu ni "swerve". Siku moja alfajiri, ndani ya Mikumi, swala alikatiza barabara nikaukata usukani kulia kwa nguvu na tela likalala. Fomu ya bima ilikuwa ya Kiingereza. Niliandika kwamba lori "veered" na kutoka barabarani. Mkaguzi aliponiita, swali lake la kwanza lilikuwa kama nilikuwa nimesinzia. Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa macho kuliko siku zote. Karani mmoja mwenye huruma ndiye aliyenieleza kwamba nilipaswa kuandika "swerved", maana hapo msomaji anajua kulikuwa na kitu mbele yangu nilichokuwa nakikwepa, wakati neno nililotumia linamfanya aone gari linalokwenda lenyewe upande. Tulirekebisha maelezo, na suala likaisha baada ya miezi minne.

Kwa hiyo, dada Kalamu, Zuhura amemwona swala. Swala ni lile swali la mwenzi wake. Mimi ningeandika "swerved".

#7 Bint Makorora
Pole kwa ajali, kaka Dereva, na hongera kwa kutufikishia mzigo huu salama. Tangu leo sitaliona swali la shangazi bila kuona pembe mbili juu yake.

#8 Fundi Sarufi
Ushahidi wa Dereva ni mzuri, lakini ninaongeza tahadhari. Kamusi za Kiingereza hueleza "veer" pia kuwa ni kubadili mwelekeo kwa ghafla, kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kitenzi hicho ni cha taratibu siku zote. Tofauti iliyo wazi zaidi ni ya sababu: "swerve" huomba kitu kinachokwepwa, "veer" hakiombi. Katika mazungumzo, kiima cha "veer" mara nyingi ni mazungumzo yenyewe: "the conversation veered", mazungumzo yakaelekea kwingine, kana kwamba hakuna aliyeyashika usukani. Mtunzi wetu anataka mkono wa Zuhura uonekane.

#9 Nahodha wa Pangani
Kwa kuwa mmelitaja "veer", niseme ninalolijua mimi. Katika taarifa za hali ya hewa za Kiingereza, upepo huambiwa "veers" unapogeuka kufuata mwendo wa akrabu za saa, na ukigeuka kinyume chake huambiwa "backs". Geuko hilo laweza kuchukua mchana mzima. Ndiyo maana neno hilo masikioni mwangu halina haraka, hata kama kamusi inaniambia vingine.

Lipo pia "change tack", ambalo nilidhani lingetajwa mapema. Hilo ni jambo letu kabisa: ni kubisha. Chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo, basi kinakwenda kwa kupinda, mara tanga upande huu, mara upande ule, mpaka kifike.

#10 Mkalimani Huru
Shikamoo Nahodha. Ufafanuzi wako wenyewe ndio unaoliondoa "change tack" katika kesi hii. Chombo kinachobisha hakijabadilisha bandari kinakokwenda. Kimebadilisha njia tu. Anayesemwa hivyo kwa Kiingereza bado anataka jambo lilelile, ila amegundua kwamba mbinu ya kwanza haifanyi kazi. Lingemfaa shangazi, akiliacha swali la moja kwa moja na kuanza kuuliza kwamba harusi za mwezi huu zimekuwa chache kwa nini. Zuhura yeye ameihama bandari.

#11 Nahodha wa Pangani
Marahaba, nimekubali. Mpe shangazi.

#12 Mwalimu wa Zamu
Ninashangaa tumefika hapa na hakuna aliyelitaja jibu la kawaida kabisa, yaani "change the subject". Nadhani tunaliogopa kwa sababu tumelijua tangu sekondari. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili nao wana tatizo nalo, ila la aina nyingine. Niliwahi kuwapa sentensi yenye maneno hayo waitafsiri, na katika daftari 46 nilizosahihisha, nyingi zilikuwa na "akabadilisha somo". Mmoja, aliyekuwa ametoka kufundishwa sarufi wiki hiyo, aliandika "akabadilisha kiima". Sikuweza kumkasirikia, kwa sababu alikuwa amefikiri. Neno moja la Kiingereza limeshika kazi tatu ambazo sisi tumezigawa: somo ni la darasani, kiima ni cha sentensi, mada ni ya mazungumzo. Ukiandika "change the topic" utaeleweka, lakini anayekizungumza Kiingereza nyumbani kwao husema "subject".

#13 Mkaazi wa Leeds
Ninamuunga mkono Mwalimu kwa hoja moja ninayoisikia kila siku hapa ninapoishi. Mtu akimbaini mwenzake anahama mada, anamwambia "Don't change the subject!" Katika miaka yote niliyokaa hapa sijasikia mtu akifoka "Don't digress" au "Don't veer" jikoni kwake. Maneno hayo ya mtambuko wa njia ni ya waandishi. Watu wenyewe wanalo moja.

Nimpe Dereva haki yake pia. Hapa Uingereza "swerve" linasemwa mitaani kwa maana ya kukwepa jambo au mtu, tena bila kihusishi: mtu "swerves" swali, au anaipa sherehe "a swerve" asiende. Kwa hiyo "she swerved the question" lingeeleweka hapa. Tatizo ni kwamba lina harufu ya vijana wa Kiingereza wanaozungumza kwenye basi, na Zuhura ameketi barazani na ungo mapajani.

#14 Mwana wa Likoni
Huku kwetu Kenya tungesema Zuhura amelihepa swali, na Kiingereza cha kuhepa ni "dodge" au "sidestep". Je, hayo hayatoshi?

#15 Mkalimani Huru
Yanatosha nusu, ndugu yangu. Angalia yambwa yake. "Dodge" linachukua swali: amelikwepa swali. Baada ya hapo msomaji hajui alikwenda wapi. Angeweza kunyamaza, kucheka, au kuinuka kwenda kuchota maji. Kuhamisha mazungumzo kuna pande mbili, kule ulikotoka na kule ulikofikia, na Kiingereza kinapenda kuchagua upande mmoja. "Dodge", "sidestep" na "evade" yanatazama unakotoka. "Switch to" na "jump to" yanatazama unakofikia, na hayasemi kama ulikuwa unakimbia kitu.

Katika kazi yangu ya kutafsiri mikutano na waandishi wa habari, mawili ninayokutana nayo zaidi ni "deflect" na "pivot". "Deflect" lipo pia kwenye mpira wa miguu: shuti limepigwa, likambabatiza beki, likaenda kwingine. Beki hakuuchagua mwelekeo mpya. Kazi yake ilikuwa usiingie golini. "Pivot" asili yake ni egemeo, kile kipande ambacho kitu kinazungukia juu yake, na wacheza mpira wa kikapu wanalijua vizuri, kwa kuwa mguu mmoja lazima ubaki chini wakati mwili unageuka. Msemaji hodari hufanya hivyo hasa. Anaulizwa kuhusu deni, anajibu nusu sentensi kuhusu deni, anauweka mguu hapo, kisha anageukia barabara alizojenga. Zuhura hakuweka mguu popote. Ningechagua "deflected".

#16 Bint Makorora
Hapo kwenye "deflected" ndipo moyo wangu unapokataa, na naomba mnisikilize hata kama nitarefusha. Ninyi nyote mnamweka Zuhura katika kesi: anakwepa, anahepa, anapangua. Mimi nimelelewa na shangazi watatu katika nyumba moja Tanga, na ninamwona binti anayetimiza adabu. Mtoto hawezi kumwambia shangazi yake, "Sitaki kulizungumza hilo." Hawezi kumdanganya pia. Hawezi kuinuka na kumwachia ungo. Njia aliyobakishiwa ni kulishika lile lililo mkononi, mchele, na kulileta katikati yao, na shangazi mwenye busara analipokea na kujibu kwamba dukani siku hizi wanachanganya. Wote wawili wanajua kilichotokea. Swali halikupanguliwa, limewekwa kando kwa heshima mpaka siku yake.

Hata katika kukatiza tuna ustaarabu wake. Tunasema "nakukata kalima, uniwie radhi". Sasa kitenzi kinachomfanya Zuhura aonekane kama waziri anayekimbia kamera kitakuwa kimemdhulumu. Kwa sababu hiyo namwelekea Mwalimu wa Zamu: "changed the subject" halimhukumu.

#17 Msomi wa Jioni
Je, "red herring" haliwezi kusaidia? Ni kitu kinachotupwa ili kumpoteza mtu njia, na mchele umetupwa hivyo.

#18 Fundi Sarufi
Hilo ni nomino, na dada ameomba kitenzi. Ni samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi mpaka akawa mwekundu. Matumizi ya kitamathali yanahusishwa na mwandishi wa magazeti wa Kiingereza William Cobbett, aliyesimulia mwaka 1807 kwamba utotoni alimtumia samaki huyo kuwapoteza mbwa waliokuwa wakimfukuza sungura. Zaidi ya hayo, samaki huyo hutupwa ili anayefuata asijue amepotezwa, na kama Bint Makorora alivyoeleza, shangazi anajua vizuri sana.

#19 Mwalimu wa Zamu
Tuzingatie pia neno "ghafla", ambalo Kalamu ameliweka kwenye kichwa cha uzi, ingawa kwenye sentensi yake halimo. Mimi ningelitafsiri "abruptly" bila kufikiri mara mbili.

#20 Bint Makorora
Mwalimu, maneno hayo mawili hayatoki sehemu moja. "Ghafla" tumelipata kwa Waarabu na ni ndugu wa "kughafilika". Linamtazama anayepatwa, aliyekuwa hakutarajia. "Abrupt" kwa Kilatini ni kitu kilichokatika, kama ukingo wa genge. Linautazama uzi wenyewe wa mazungumzo ulipokatikia. Shangazi hakughafilika, alilitarajia jibu la namna hiyo. Kilichotokea ni kukatika tu.

#21 Fundi Sarufi
Nimeipenda hoja hiyo kuliko yangu zote hapo juu, ingawa sidhani kama Mwingereza wa leo anausikia ukingo wa genge katika "abruptly". Anasikia ukavu na ukosefu wa adabu. Mtu anayeitwa "abrupt" ni mtu mkavu wa maneno, na kielezi kinabeba doa hilo. Kama Zuhura ni mwenye adabu, "abruptly changed the subject" linamvunjia heshima kuliko "deflected".

#22 Mkalimani Huru
Hapana, kielezi kikikaa na tendo hakimchafui mtu. Treni nayo husimama "abruptly" na haina tabia.

#23 Fundi Sarufi
Treni haina shangazi, ndugu Mkalimani.

#24 Dereva wa Tunduma
Kwa vile treni imetajwa, je, "derail" na "sidetrack"? Huku jukwaani watu wanaoharibu uzi huambiwa wameutoa relini.

#25 Mkaazi wa Leeds
"Derail" ni uharibifu. Baada yake hakuna safari. "Sidetrack" limetokana na reli ya pembeni na mara nyingi hutumika kwa kutendwa: mtu "gets sidetracked", amevutwa na kitu kingine bila kukusudia. Zuhura alikusudia.

#26 Kalamu ya Uluguru
Ninawashukuru kwa dhati. Nimeandika matoleo matatu na kuyasoma kwa sauti usiku wa jana.

La kwanza: "Zuhura changed the subject." Linasema ukweli na halimhukumu mtu, ila baada ya maneno ya mchele linasikika kama mtu anayemweleza msomaji kitu alichokwisha kukiona.

La pili: "Zuhura swerved." Fupi, na lina mkono wa Dereva kwenye usukani. Lakini nikilisoma baada ya ungo na chenga, naona barabara ya lami imepita barazani.

La tatu nimeifuta sentensi yenyewe. Shangazi anauliza, kidole kinasukuma chenga, Zuhura anasema mchele una mawe, shangazi anajibu kuhusu duka. Kitenzi hakipo.

#27 Mwalimu wa Zamu
La kwanza. Usiwe na hofu ya maneno ya kidato cha pili.

#28 Bint Makorora
La tatu, kwa moyo wote. Shangazi hakuhitaji kuelezwa, na msomaji ameketi naye barazani.

#29 Fundi Sarufi
La tatu lina hatari moja. Msomaji wa Tanga au Morogoro ataliona kimya lile. Msomaji wa mbali, ambaye kwao mtu akiulizwa habari za mwenzi wake hujibu au husema hataki kujibu, anaweza kuamini kwamba Zuhura hakusikia swali, na kwamba mchele ulikuwa na mawe tu. Sentensi yako ya Kiswahili ilikuwa na kazi, nayo ni kuthibitisha kwamba tendo lilikuwa la makusudi.

#30 Mkaazi wa Leeds
Jana nilimsomea jirani yangu, mama wa Kiingereza wa miaka sabini na kitu, toleo hilo la tatu bila kumwambia lolote. Aliuliza papo hapo, "Kwani huyo kijana kamwacha?"

#31 Fundi Sarufi
Jirani mmoja hatoshi kuwa kanuni, lakini nimelisikia. Alitumia kitenzi gani kueleza alichofanya Zuhura?

#32 Mkaazi wa Leeds
Hakutumia kitenzi. Alisema "Oh, she's good."